Ruta Kwenye Kabati la Wageni

Jumatatu, 4 Juni 2007

Leo nimeunganisha nyumba yangu na dunia. Kwa muda mfupi. Halafu ruta ikatoa moshi.

Si makosa yangu. Ruta ilitumwa na Elkana, mdogo wangu aliye Minnesota, pamoja na laptop nyeupe, na ni yeye aliyesahau kwamba stima ya Amerika ni hafifu na ya Kenya ina nguvu. Ni kweli aliandika karatasi ya kunionya nisichomeke kabla ya kutafuta adapta ya huku. Lakini aliiweka chini ya boksi. Mtu mwenye akili huweka onyo juu.

Cherono, mke wangu, alifungua madirisha yote akauliza kama huo ndio mtandao wenyewe. Ameolewa na mwalimu wa kompyuta, cheti kiko ukutani, na bado anauliza maswali ya aina hiyo.

Wacha niandike jambo lenyewe, ili siku moja watu wajue nilibeba mzigo gani. Elkana amepata mtoto msichana. Kwetu Wakalenjin mtoto haokotewi jina barabarani. Akina mama wazee wa upande wa baba huketi pamoja na kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Na Mama amengojea mjukuu msichana tangu alipofariki mama mkwe wake, nyanya yetu, Kogo Taplelei. Huyo ndiye aliyempokea Mama akiwa bibi harusi asiyejua hata kukamua, akamfundisha kila kitu na hakumsema hata siku moja. Siku ya mwisho Mama alimshika mkono akamwahidi kwamba jina lake litaitwa la kwanza. Tangu hapo wamezaliwa wavulana tu.

Sasa Mama hana paspoti na hataki. Kwa hivyo Jumapili ataketi hapa kwangu Nakuru, mtaa wa Section 58, mbele ya laptop, ataita majina, na mtoto atapiga chafya huko huko aliko. Wazo ni langu. Wengine walisema waende saiba, lile duka la intaneti la Namalwa mjini. Marehemu wetu waitwe mbele ya vijana wanaocheza gemu! Nikasema hapana, mimi nina mtandao nyumbani. Sikuwa nao, lakini Jumapili ilikuwa bado mbali.

Tena kwa Mama ni Elkana asubuhi, Elkana jioni. Jumapili hii ataona ni nani aliyemletea huyo Elkana.

Jumanne, 5 Juni

Nimepata ruta nyingine, ya mkono wa pili, kwa jamaa anayetengeneza simu karibu na stendi. Ketan, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anauza ruta mpya katika duka lake la balbu na vifaa vya stima. Lakini ukishanunua kitu kwa jirani, ataanza kukuuliza kila asubuhi kinaendeleaje. Sitaki kuulizwa.

Suala la mahali pa kuiweka nimelitatua kwa ustadi. Watu wajinga huacha ruta mezani kama kijiko. Mimi nimeifungia ndani ya kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya vikombe vya dhahabu, kwenye rafu yenye kioo kwa nyuma. Juu yake nimetandaza kitambaa cheupe alichofuma Kogo Taplelei kwa mikono yake, zawadi ya harusi yetu. Nikafunga kwa ufunguo. Cherono akauliza kama itapumua. Nikamwambia redio yetu imevaa kitambaa tangu tuoane na haijawahi kulalamika.

Kazi ikabaki kompyuta. Nyumba hii ina tatu, na hakuna mbili zinazosikizana. Ya kwanza ni Mkongwe, ile ya mezani iliyofutwa kazi chuoni kwetu. Haijui mambo ya bila waya. Nikaipitishia waya chini ya zulia. Cherono akajikwaa akiwa na jagi ya uji, na sasa waya uko safi kuliko sakafu. Ya pili ni laptop ya kazini kwa Cherono, pale sako, ushirika wa wauza maziwa. Hii inaniomba paswadi kila dakika. Mtandao nimeuita MICAH MKUU na paswadi ni HakunaKamaMicah. Cherono aliiandika mara nyingi, ikakataa. Nikamwambia anaiandika bila imani. Akaniambia nitafute uji wangu mwenyewe.

Laptop nyeupe nitaijaribu kesho. Leo nimechoka kubeba watu.

Jumatano, 6 Juni

Ushindi. Laptop nyeupe imeingia kwenye intaneti yenyewe. Haikuuliza paswadi. Niliifungua tu, ikanitambua. Pale chini imeandika DEFAULT badala ya MICAH MKUU, lakini ni laptop ya ng'ambo, haijazoea majina makubwa.

Nikafungua kabati kuipongeza ruta. Ilikuwa moto kama chapati, na taa zake zote zimezima. Lakini intaneti ipo! Maana yake nimepata ruta ya aina adimu, inayofanya kazi kimya kimya bila kujionyesha. Ningependa walimu wenzangu chuoni waige mfano huo.

Jioni Ketan alinisalimia pale ukutani. Akasema intaneti yake imekuwa nzito leo, na kama yangu iko sawa. Nikamwambia mimi hutumia vifaa vizuri. Akacheka kidogo, akasema Cherono alimweleza kuhusu kabati, na kwamba ruta haipendi kufungiwa, hasa mbele ya kioo, na nikikwama nimwite tu. Mtu wa kuuza balbu. Nikamshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru.

Usiku nikafanya majaribio na Elkana. Picha safi. Lakini huyu kijana amezidi kuwa mzito. Tangu utoto Elkana ukimwita anajibu ukiwa umeshasahau ulimwitia nini, na Amerika imemharibu zaidi. Nikamsimulia mkuu wetu wa chuo alivyopasuka suruali mbele ya wageni wa wizara. Akanitazama tu, uso mkavu. Basi nikaacha, nikageukia mambo ya maana, nikamwambia ng'ombe mwekundu wa Mama amekufa. Ndipo akaangua kicheko mpaka akapiga meza.

Nimemwambia Cherono kwamba nina ndugu asiye na moyo. Ng'ombe aliyemsomesha!

Ijumaa, 8 Juni

Nimegundua adui. Mchana intaneti yangu inakimbia vizuri. Ketan akishafika nyumbani tu, watoto wake wakaketi na kompyuta yao, yangu inaanza kujikokota. Nimekaa dirishani nikachunguza. Taa za sebule yake zikiwaka, picha yangu inakwama. Sihitaji ushahidi mwingine. Antena yake iliyo juu ya paa inanyonya mawimbi yangu.

Cherono alipendekeza niende nimuombe Ketan azime kidogo Jumapili wakati Mama anaita majina. Kuomba! Nimuombe mtu anayeninyonya?

Nina mpango bora. Sanduku la mita za ploti liko pale getini, na ufunguo unakaa na Anyango, keateka wetu anayetunza nyumba hizi za kupanga. Nilimwendea nikamwambia atoe fyuzi ya Ketan Jumapili saa nane. Akakataa kabla sijamaliza. Akasema kazi yake ni kutunza funguo za watu, si vita vya watu. Nikaenda, nikazunguka, nikarudi na sura nyingine. Nikamwambia kwamba nimesikia harufu ya kuungua kwenye mita ya Ketan, na mimi kama jirani mwema sitalala nikifikiria watoto. Hapo akashtuka. Akasema atatoa fyuzi saa hiyo hiyo. Nikamwambia la, harufu bado ndogo, Jumapili inatosha. Aliniangalia kwa muda. Akasema sawa, Jumapili akitoka kanisani, na fundi ataitwa Jumatatu.

Saa nane fyuzi nje, saa tisa Mama anaanza, mawimbi yote ni yangu. Wakati mwingine najiuliza kwa nini mtu kama mimi anafundisha watu kuchapa barua katika chuo kilicho ghorofani juu ya bucha.

Jumapili, 10 Juni

Naandika kwa uchungu.

Mama alifika na lori la viazi kutoka Molo, yeye na akina mama wawili wakongwe, wamevaa sweta juu ya sweta. Cherono alikuwa amepika. Saa tisa niliwasha laptop nyeupe na Elkana akatokea, na mkewe, na mtoto mikononi. Mama alisogea akagusa skrini kwa kidole, pale kwenye shavu la mtoto, akasema maneno ya chinichini ambayo hayakuwa ya sisi kusikia. Macho yangu yalinisumbua kidogo. Nafikiri ni ule moshi wa Jumatatu.

Elkana alikuwa na unyoya wa mto, wa kumtekenyea mtoto pua. Mama akaketi wima. Akaita kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu tulipomzika nyanya: Kogo Taplelei, kama ni wewe, njoo.

Tukangoja. Mtoto yuko tuli kabisa. Mama alikuwa tayari kungoja zaidi, aliinua mkono kututuliza. Lakini intaneti si ya kuchezea. Nikamwambia Mama aendelee, huyo hakuitika, asipoteze muda. Akasita. Nikamwambia tena.

Basi akaita anayefuata kwa umri, shangazi ya baba yetu, Kogo Kobilo.

Niandike Kobilo alikuwa nani. Ni yule mama aliyewanyima majirani hata moto wa kuwashia jiko. Alimpeleka mtu kwa chifu kwa sababu kivuli cha mti wa mtu huyo kiliangukia mahindi ya Kobilo. Alipokufa, watu walimwagia udongo haraka kidogo. Jina lake huitwa kwa sababu lazima liitwe, na kila familia huomba lipite salama.

Mama hakuwa amefunga mdomo vizuri. Mtoto akapiga chafya.

Safi kabisa, tukaisikia sote. Elkana na mkewe wakarukaruka wakikumbatiana, wapumbavu, wanafurahia Kobilo. Elkana akafungua mdomo kusema kitu, na picha ikakwama hapo hapo, mdomo wazi. Kisha ikapotea. Nikabonyeza kila mahali. Hakuna.

Mama aliuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuita tena. Wale wakongwe wakatazama sakafu. Mmoja akasema aliyeitika ameitika. Mama akasimama, akafunga leso yake, chai haijafika nusu. Mlangoni alimwambia Cherono kwamba alimwahidi mama yake. Hakusema mama mkwe. Alisema mama.

Hakulia hapa. Dereva wa lori amesema kwa simu kwamba alilia kuanzia Njoro mpaka Molo.

Mtandao umekufa kabisa mpaka sasa. Ni Kobilo, hakuna swali. Alikuwa hapendi kumpa mtu kitu akiwa hai, na ameanza na intaneti yangu. Nyumba ya Ketan nayo iko gizani. Anyango aliniona dirishani akanipungia mkono, akasema kwa umbali kwamba mahubiri yalirefuka ndiyo maana amechelewa kutoa fyuzi, ameitoa sasa hivi. Hata kazi hiyo moja hakuweza kuifanya kwa wakati.

Jumatatu, 11 Juni

Fundi wa stima alikuja asubuhi. Hakupata kilichoungua. Anyango akamweleza Ketan kwa kirefu, getini, ni nani aliyesikia harufu. Vyakula ambavyo Sapna, mke wa Ketan, aliwatayarishia wageni vimeharibikia kwenye friji. Ketan hakuja kunigombeza. Alinisalimia tu kama kawaida. Huo ni ujanja wa kiwango cha juu.

Stima yake iliporudishwa, dakika hiyo hiyo intaneti yangu nayo ikarudi. Sadfa ya ajabu. Lakini mimi najua sababu: nilikuwa nimetoka tu kugeuza kitambaa upande wa pili.

Mchana Elkana alinipigia simu. Anacheka. Anauliza mbona Mama hakupiga vigelegele Taplelei alipoitika. Nikamuuliza Taplelei yupi. Akasema mtoto alipiga chafya jina la Taplelei lingali mdomoni mwa Mama, wakaanza kushangilia, na wakashangaa kumwona Mama amenyamaza, kisha wakamsikia anaita Kobilo. Nikamwambia aache uongo. Nilikuwepo, masikio ninayo mawili, chafya ilikuja kwa Kobilo. Akaapa. Nikamwambia tangu utoto anasema chochote ili Mama afurahi. Akaniomba nimpigie Mama tu, nimweleze, Mama aamue mwenyewe.

Nikasema nitampigia.

Sitampigia. Ni kwa ajili ya ukweli. Tena kama aliyeitika ni Taplelei, watu wataanza kuuliza ni nani aliyemharakisha Mama. Hilo sioni haja ya kuliandika.

Jumatano, 13 Juni

Habari kutoka Molo: Mama haendi shambani. Viazi vinachimbwa yeye akiwa ameketi jikoni. Jina la mtoto hataki kulitamka, anasema tu "yule". Cherono aliponiambia nilitazama pembeni, na huyo mwanamke anajua nikitazama pembeni maana yake ni nini. Alichukua simu yangu akampigia Elkana. Kisha, bila aibu, akaenda kumwita Ketan. Mtu niliyemtolea fyuzi!

Na yeye akaja. Ameleta hata biskuti.

Akaketi mbele ya laptop nyeupe, akamwambia Elkana apige makofi akiona mkono wake umeinuka. Akainua mkono. Akaushusha. Akachukua kikombe, akanywa chai. Ndipo Elkana akapiga makofi. Wakarudia, ikawa vivyo hivyo. Ketan akaeleza pole pole kwamba sauti hupanda juu mpaka kwenye setilaiti, ikashuka ng'ambo, na jibu hurudi njia hiyo hiyo ndefu. Tunachokiona hapa kimeshapita kule. Akasema ni kama viazi vya Mama: vinafika Nakuru leo, lakini vilichimbwa jana.

Cherono akanigeukia. Akaniuliza kabla ya habari za ng'ombe aliyekufa nilikuwa nimemwambia Elkana nini. Nikasema suruali ya mkuu wa chuo. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko hiyo setilaiti yote.

Kisha Ketan akaomba ufunguo wa kabati. Akachomoa ruta yangu kwenye stima, akaiweka mezani. Elkana akaendelea kuongea kama kawaida. Ketan akasema kwa upole kwamba nimekuwa nikitumia intaneti yake, ndiyo hiyo DEFAULT, tangu Jumatano iliyopita, hakuwa ameweka paswadi, ndiyo maana watoto walilalamika ni nzito. Na kwamba alipotolewa fyuzi Jumapili, yangu nayo ilikatika. Ataifunga kwa paswadi kesho, lakini Mama akija nimwambie tu, atafungua. Wivu. Wivu wenye biskuti.

Cherono akampigia Mama. Ilibidi Mama atafutwe, apande kilimani pale simu inaposhika. Akaelezwa yote, polepole, mara mbili. Nikadhani simu imekatika. Halafu vikaja vigelegele, vikali mpaka Cherono akaweka simu mbali na sikio. Sebule nzima ilisikia. Mama analia, anacheka, anasema Taplelei, Taplelei, umekuja, na mimi nikakuacha mlangoni.

Nilifurahi, wacha niseme ukweli. Nilisimama pale na ruta mkononi, nikafurahi sana. Kisha Mama akauliza ni nani aliyemwambia aendelee, na kabla Cherono hajafungua mdomo akajijibu mwenyewe.

Jumamosi, 16 Juni

Lori la Molo limeleta magunia mawili ya viazi. Moja la Ketan, moja la Anyango. Nilipanda juu ya lori nikaangalia vizuri. Mawili tu.

Kwangu kulikuja ujumbe. Mama anataka kile kitambaa alichofuma Kogo Taplelei. Mtoto atumiwe, kwa sababu ni chake, alikifuma mwenyewe. Hapo nikakumbuka kukitoa kabatini. Katikati kina doa la kahawia, mraba, lenye ukubwa kamili wa ruta. Cherono amekifua kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya kila aina. Doa limebaki. Nikashauri tuseme lilikuwepo tangu zamani. Cherono akampigia Mama akamweleza vile lilivyo. Mama akasema kiende hivyo hivyo. Taplelei akikua ataonyeshwa, ajue alipitia kwa nani.

Nimefikiri sana juu ya wiki hii. Haya ndiyo niliyoyaona. Kwanza, Elkana huchelewa, na mtoto wake amemfuata, mpaka chafya yake inachelewa. Pili, setilaiti ni maneno ya watu wanaouza vifaa. Tatu, ningekuwa na ruta ya maana tangu mwanzo, hakuna hata moja kati ya haya ambalo lingetokea. Kuna mzee wa hapa ploti, mwanawe yuko Australia na mkewe ana mimba. Nimeshamwambia asihangaike na watu wa mjini, siku ikifika aje kwangu.

Ruta mpya nimeipata leo, kwa jamaa yule yule. Nimeifungia kwenye kabati la wageni, nyuma ya vikombe. Safari hii sikuweka kitambaa, mimi si mtu asiyejifunza. Kumekuwa na baridi sana Juni hii, nimeifunika blanketi.